Toboeni Hao Bata

Kuna nyumba hapa Mkomani yenye bata bukini wawili wa saruji na chemchemi ya kurusha maji. Miaka minne sijaiona chemchemi hiyo ikirusha hata tone. Shangazi yangu ndiye anayefanya usafi pale, na kila Jumatatu huwasugua wale bata kwa brashi kama watoto wa kwenda shule. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, huja Desemba.

Mimi nasema watobolewe, wajazwe udongo, wapandwe kitu.

Najua nitaambiwa nina wivu. Kijana aliyeacha chuo mwaka wa pili, anayeandika makala za kulipwa kwa neno, ana haja gani na bata wa watu? Haja ninayo. Mwaka juzi nililala siku tisa kwa dengue, mifupa ikilia, shangazi akinipa maji ya dafu kwa kijiko.

Mbu wa dengue si yule wa mtaro mchafu. Huyu anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vyetu wenyewe: pipa, tairi, sahani ya chungu, mgongo wa bata. Anauma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku hakimtishi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, hukaa makavu miezi kadhaa, yakingoja mvua tu. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mombasa tulipigwa 2013 hadi 2014, tukapigwa tena 2017, tena 2021, na bado watu wanajenga vidimbwi vya urembo!

Tena kwa maji gani? Mji huu unategemea Mzima, kule Tsavo, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mfereji ukikauka, sote tunangoja mkokoteni wa mitungi. Chemchemi ya mapambo mahali kama hapa ni kejeli.

Mwezi wa tano nilimtoboa bata mmoja. Drili ya kuazima, ncha ya ukuta, polepole bila kugonga, manake saruji ya mapambo ni nyembamba na hupasuka. Mashimo matatu chini, vipande vya vigae, udongo, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Nikamsogeza kivulini, chini ya mwarobaini, kwa sababu saruji ikipigwa na jua la hapa inachoma mizizi. Nikapanda mrehani. Wallahi, bata akapendeza kuliko alivyotoka kiwandani.

Mwenye nyumba akaona kwenye kamera. "Mmeniharibia pambo langu." Shangazi akakatwa shilingi elfu mbili.

Haya, bata ni wake, hilo silibishi, na kutoboa bila kuuliza lilikuwa kosa langu, si la shangazi. Lakini mbu akiruka ule ukuta anakuwa wa nani?

Kinachoniudhi zaidi ni ile dharau. Mama zetu Kisauni wamepanda mrehani na asumini kwenye mikebe ya mafuta na sufuria zilizotoboka tangu hatujazaliwa, ikaitwa umaskini. Hoteli ikijaza maua kwenye mtumbwi mkuukuu, watalii wanapiga picha. (Na msikimbilie kununua makombe yale makubwa ya baharini mkafanye vyungu. Biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na viumbe wenyewe wamepungua. Nazungumzia pambo ambalo tayari liko uani, halina kazi.)

Bata wa pili hajaguswa. Jana usiku ilinyesha. Asubuhi nilimkuta shangazi ameinama, anachota maji mgongoni mwake kwa kikombe cha chai, kisha anapangusa kwa kitambaa. Nilimwambia, "Shangazi, lete drili."

"Elfu mbili utalipa wewe?" akaniuliza, akaendelea kuchota.