Shule Yetu ya Zamani Inapobomolewa



Katika likizo kubwa iliyopita tulisimama kando ya njia hapa Likasi, tukawatazama mafundi wakiezua mabati ya shule tuliyosomea utotoni. Yatupasa kuungama jambo moja: miezi michache kabla ya siku ile, tulikuwa tumetia sahihi barua ya wanafunzi wa zamani, ya kuomba jengo lile lisiguswe.

Sababu zetu hazikuwa za upuuzi. Kuta zile zilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na udongo wake ulichimbwa katika vichuguu vya mchwa, vile virefu ambavyo nchi yetu ya Katanga imejaa. Zilisimama tangu mji huu ulipoitwa Jadotville, jina lililoachwa mwaka 1966. Mwaka 1967 serikali ikaitwaa mali ya Union Minière, ikaitia mikononi mwa kampuni yake ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1974 ikazitwaa na shule za misioni. Mwaka 1977, kwa mapatano, uongozi wake ukarudishwa mikononi mwa makanisa. Wenyewe walibadilika, kuta zikabaki.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na ndiyo tuliyoanza kusoma. Gécamines ilikuwa imedhoofika, baba zetu wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mishahara ya walimu nayo haikutosha, hata wazazi wakawa ndio wanaochanga ili mwalimu apate kula. Mama yetu aliuza unga wa muhogo kwa vikopo, na faida yake iliishia mfukoni mwa mwalimu wetu. Je, mtu aweza kuutazama ukuta wa namna hiyo ukianguka, asiumie?

Lakini kabla barua haijapelekwa, mwalimu mkuu alituita. Hakubishana nasi. Alituingiza katika darasa la tatu, nayo ilikuwa Machi, mwezi wa mvua. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ya serikali ilipoanza kutolewa bila malipo, watoto wameongezeka mno. Tuliwaona watano katika benchi iliyofanywa kwa watatu. Mvua ikaanza. Mara watoto wakainuka pasipo kuambiwa, wakasukuma benchi upande mmoja, wakaendelea kuandika wamesimama, daftari juu ya mgongo wa mwenzao. Katika pembe palikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

Tukamwuliza mwalimu mkuu kama hawaogopi. Akajibu, “Wamezoea.”

Neno hilo lilituchoma. Sisi tulitaka kulinda kumbukumbu zetu, na watoto hawa walikuwa wakizilipia kwa kulowa. Jioni ile ile tulikwenda kufuta jina letu katika barua.

Kitabu cha Ezra chasimulia kwamba msingi wa hekalu jipya ulipowekwa Yerusalemu, wazee walioliona lile la kwanza walilia kwa sauti, na wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kupambanua sauti ya kilio na sauti ya shangwe. Maandiko hayawakemei wazee wale kwa machozi yao. Lakini hakuna aliyesimamisha kazi kwa sababu yake.

Basi, siku ya kubomoa tulimkuta fundi mmoja mzee ameketi chini, akiparua udongo katika matofali moja moja. Yaliyo mazima yangejenga ukuta wa ua. Vipande vingeshindiliwa chini ya sakafu mpya. Tukamwomba tofali moja, tuliweke nyumbani liwe ukumbusho.

“Mwalimu,” akasema bila kuinua macho, “ukilichukua hilo, ukutani patapungua moja.”

Tukalirudisha katika fungu lake.

Wenzetu mliosoma pale, barua yetu ilikuwa na majina mengi, na kila jina lina mikono yake. Matofali yangali yanasubiri kusafishwa, na mvua haitangoja. Njoni Jumamosi asubuhi, kila mtu na panga kuukuu la kuparulia. Mama zetu waliitegemeza shule ile kwa vikopo vya unga. Na sisi tusiilipe deni hilo kwa sahihi tu.