FUNDI WA NYUMBANI: Amplifaya ya Vali Yenye Pande Mbili

Barua ya juma hili imetoka Nateete, Kampala. Aliyeiandika ni mama wa nyumba, mke wa askari ambaye kwa sasa yuko kazini mbali na jamaa yake. Anaeleza kwamba marehemu baba mkwe wake, aliyekuwa mpiga gitaa katika bendi, aliwaachia amplifaya nzito ya vali, ya stirio, yenye spika mbili. Kijana wao mkubwa huipeleka arusini, na fedha anazopata husaidia karo ya wadogo zake. Mwezi uliopita upande wa kushoto ulianza kunguruma na kukwaruza, kisha fyuzi ikakatika. Walitia fyuzi mpya. Chombo kikaimba dakika chache, upande wa kulia sawasawa, wa kushoto kwa sauti mbovu, kisha kimya tena. Sasa kijana anataka kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, kwa sababu arusi nyingine iko karibu. Wakati huohuo mnunuzi wa vyuma chakavu amepita, akaiinua, akataja bei ya uzito. Mama anauliza: auze, au amwache mwanawe aifungue?

Mama mpendwa, usiuze. Na huo waya usifungwe kamwe, wala ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ambayo vijana huiviringisha kwenye fyuzi iliyokufa. Fyuzi imekatika mara mbili kwa sababu kuna mahali ndani panapokula umeme kupita kiasi. Ukiweka waya, umeme huo utaendelea kuliwa, na kitakachokatika safari hii ni transfoma. Fyuzi ni bei ya peremende. Transfoma ya amplifaya ya vali ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya sanduku lile, na ndiyo shaba anayoitamani huyo bwana wa vyuma chakavu.

Kuhusu kufungua, jibu letu ni refu kidogo, na tunaomba kijana mwenyewe asomewe, au asome, mpaka mwisho kabla hajashika bisibisi.

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto, na kuuzunguka mna bomba dogo la chuma liitwalo kathodi, ambalo likipata moto hutoa chembe za umeme. Chembe hizo huvutwa na bamba la nje, anodi, lenye volti nyingi. Katikati pana wavu wa waya, gridi, ambao kazi yake ni ya mlinzi wa lango: sauti ndogo ya gitaa ikifika kwenye gridi huachia au huzuia mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi. Hivyo kidogo hutawala kikubwa, na hiyo ndiyo maana ya kukuza sauti. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza vali ya kwanza mwaka 1904, na Lee de Forest wa Marekani aliongeza gridi mwaka 1906. Transista iligunduliwa mwaka 1947, ikaziondoa vali katika redio na televisheni, lakini wapiga gitaa hawakukubali kuziacha. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake huikunja sauti taratibu, na masikio ya wengi huupenda mkunjo huo. Ndiyo maana hata leo viwanda vya Urusi, Slovakia na China vinatengeneza vali za namna ileile ya zamani. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, vali za Urusi ziliadimika na bei zikapanda.

Katika amplifaya ya gitaa vali ndogo za mwanzo aghalabu ni ECC83, na kila moja ina vali mbili ndani ya chupa moja. Vali kubwa za mwisho huwa EL84, au EL34 kwa amplifaya zenye nguvu zaidi. Jozi ya EL84 hutoa wati kati ya 12 na 18 hivi. Jozi ya EL34 yaweza kufika 50. Ya stirio ina jozi mbili, moja kila upande, na kila upande una transfoma yake ya kutolea sauti na spika yake. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilianza kutengeneza gitaa la ES-345 mwaka 1959, ambalo sumaku zake mbili zilipeleka sauti kila moja njia yake, na ikalitolea amplifaya ya GA-79 yenye spika zinazotazama kushoto na kulia. Chombo cha mama wa Nateete si lazima kiwe hicho, lakini mpango wa ndani ni ndugu mmoja: kila kitu viwili viwili, isipokuwa jiko. Transfoma kuu, ambayo hupokea volti 240 za ukutani, huzilisha pande zote mbili. Zinakula chungu kimoja. Ndiyo sababu ugonjwa wa upande wa kushoto umeunyamazisha na wa kulia.

Hapa ndipo penye faida ambayo mwenye amplifaya ya upande mmoja hana. Fundi akifungua chombo cha kawaida bila mchoro wa kiwandani, hukisia kila kipimo kinapaswa kuwa kiasi gani. Mwenye stirio hana haja ya mchoro, kwa kuwa upande mzima upo palepale, umetengenezwa siku moja na mgonjwa, kwa vipande vilevile. Unapima kulia, unapima kushoto mahali palepale, unalinganisha. Panapotofautiana sana ndipo ugonjwa ulipo. Nimewaona mafundi wenye elimu kubwa wakisahau jambo hili na kupoteza siku nzima wakitafuta mchoro.

Lakini kabla ya kupima, hatari. Jamaa wengi huamini kwamba chombo kikichomolewa plagi kimekufa. Redio ndogo za betri ndizo zilizowafundisha hivyo. Amplifaya ya vali ina kapasita kubwa ambazo huweka umeme akiba kama pipa linavyoweka maji, na hazimwagi kwa sababu tu bomba limefungwa. Katika amplifaya za EL84 pipa hilo huwa na volti 300 na zaidi. Katika za EL34 hufika 450. Kapasita ya maikrofaradi 100 iliyojazwa volti 450 ina nguvu ya jouli 10, sawa na jiwe la kilo moja lililoangushwa kutoka kimo cha mita moja. Jiwe likikuangukia mguuni utalia. Nguvu hiyo ikipita kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, imepita kifuani, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo amplifaya haifunguliwi na mtu aliye peke yake, wala peku juu ya sakafu ya saruji, wala watoto wakiwa chumbani. Plagi itolewe ukutani na iwekwe mahali inapoonekana. Kisha kapasita imwagwe kwa rezista ya kiloomu 10, wati 10, iliyofungwa kwenye waya wenye mpira mzuri; mguu mmoja uguse chasisi, wa pili uguse upande chanya wa kapasita, kwa sekunde kumi. Mkono mwingine ukae mfukoni. Baada ya hapo pima kwa mita, na usiguse kitu mpaka mita ionyeshe chini ya volti 10. Wapo wanaomwaga kwa kugusisha bisibisi. Cheche inayoruka huchoma kapasita na huweza kumpofusha mtu. Tabia hiyo hatuipendi hata kidogo.

Sasa, kuna mambo ambayo kijana anaweza kuyafanya bila kugusa tumbo la chini la chombo.

Kwanza, ahakikishe spika zote mbili zimeunganishwa. Amplifaya ya vali haiwashwi kamwe bila spika, na ya stirio inataka mbili. Upande usio na spika ukipigwa kwa nguvu, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti mpaka huichoma.

Pili, atazame vali kabla ya kuwasha. Juu ya kila chupa kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo imekwisha.

Tatu, atie fyuzi mpya ya kipimo kilichoandikwa na kiwanda, wala si kikubwa zaidi, azime taa ya chumba, awashe, na mtu mwingine asimame mkono ukiwa kwenye swichi. Mwanga wa rangi ya machungwa katikati ya chupa ni afya. Wingu la samawati karibu na kioo cha vali kubwa kwa kawaida halina ubaya. Lakini bamba la nje lenyewe likianza kuwa jekundu kama kaa la moto, zima mara moja. Kwa maelezo ya barua, ninatazamia kwamba kijana ataona wekundu huo kwenye vali moja au mbili za kushoto.

Akiuona, aache chombo kipoe, kisha abadilishane vali: za kushoto ziende kulia na za kulia zije kushoto. Awashe tena, kwa muda usiozidi dakika moja. Wekundu ukihamia kulia, vali yenyewe ndiyo mbovu. Atanunua jozi na kazi imekwisha. Ukibaki kushoto hata kwa vali zilizokuwa nzima, basi vali hazina hatia na ugonjwa uko chini, kwenye nyaya.

Kwa umri wa chombo hiki, mimi namshuku mtu mmoja: kapasita ndogo inayopeleka sauti kutoka vali ya mwanzo kwenda kwenye gridi ya vali kubwa. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Ikizeeka, huvuja. Volti chanya chache hufika kwenye gridi, mlinzi wa lango hulewa, na mkondo hupita bila kizuizi mpaka bamba linakuwa jekundu na fyuzi inakatika. Fundi huliona hilo kwa mita bila taabu. Katika amplifaya nyingi za EL84, gridi ya vali kubwa inapaswa kuonyesha sifuri, na kathodi yake volti 10 hadi 12 hivi. Kulia atakuta hivyo. Kushoto akikuta gridi ina volti 3 au 5, na kathodi imepanda, amemkamata mwizi. Kapasita mpya ya volti 630 haina gharama kubwa. Abadilishe zote nne, mbili za kila upande, kwa maana zimezeeka pamoja.

Kazi hiyo ya pili, mama, si ya kijana peke yake. Apimiwe na fundi mzoefu wa vali, naye kijana asimame pembeni ajifunze. Mtu wa Nateete hana sababu ya kwenda mbali kutafuta mafundi. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskochi aliyefika Buganda mwezi Novemba 1878, aliweka karakana yake hapohapo Nateete pamoja na mtambo wa kupiga chapa, na watu wakamwita Mzungu wa Kazi. Karakana ya reli ya Nalukolongo iko jirani, na Ndeeba na Katwe hazihitaji kuelezwa. Fundi wa vali hasa ni adimu, ni kweli, basi ulizeni kwa wanamuziki wazee. Waliokuwa vijana wakati Afrigo Band ilipoundwa mwaka 1975 wanawajua waliozitengeneza. Ndugu zetu wa majeshi nao wanajua: bendi kama Maroon Commandos ya jeshi la Kenya, iliyoanza mwaka 1970, zisingedumu bila mafundi wa namna hiyo.

Jambo moja nisilotaka lipite ni waya wa ardhi. Tazameni plagi. Amplifaya nyingi za zamani zilikuja na waya wa nyuzi mbili tu, na nyingine zilikuwa na tatu lakini mtu aliukata ule wa ardhi ili kuondoa mngurumo. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma kwa mikono miwili, kisha midomo yake hugusa maikrofoni iliyounganishwa na amplifaya nyingine. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi nzuri, akafa jukwaani mbele ya watazamaji. Mwezi Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo halikuunganishwa vema na ardhi. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Fundi afunge waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na manjano ukazwe kwa boliti kwenye chasisi, na soketi ya nyumbani ipimwe kama kweli ina ardhi, kwani tundu la tatu lipo ukutani hata pale ambapo nyuma yake hamna waya. Kwenye arusi za mahema na jenereta pimeni tena.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza baada ya matengenezo, fundi apitishe umeme kwenye balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfululizo na amplifaya. Balbu ya LED haifai. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, mambo ni mema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, bado pana kasoro, lakini balbu imeyapokea maumivu badala ya transfoma.

Mkienda kwa fundi chukueni na spika zote mbili, hata kama ni mzigo kwenye bodaboda, na zile fyuzi mbili zilizokatika msizitupe. Iliyoungua ikawa nyeusi na iliyokatika safi humweleza fundi mambo mawili tofauti.