Waulizwe Pia Juu ya Upweke

Katika hekalu la Swaminarayan la Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, kuna sanamu ya kijana anayeitwa Nilkanth Varni. Waumini husimulia kwamba aliondoka kwao mwaka 1792 akiwa na miaka 11, akatembea peku miaka saba kote India, ikiwemo misitu na milima ya Himalaya. Kila mtoto anayelelewa hekaluni hapo anakijua kisa hicho.

Wangapi wanajua visa vya babu zao wenyewe?

Hekalu hilo, lililofunguliwa Agosti 1995, limejengwa kwa michango na mikono ya familia ambazo nyingi zilipitia Mombasa, Nairobi, Kampala na Jinja. Kabla ya hapo zilikuwa za wakulima na wachuuzi wa Gujarat. Mashamba yaligawanywa kati ya ndugu hadi yakawa vipande, mvua zikakatika, na njaa kuu ya 1899–1900 ikamaliza watu na mifugo. Wavulana wakapandishwa majahazi, wakaja na pepo za kaskazi.

Wengine waliitangulia njaa hiyo: Allidina Visram, kutoka Kutch, alifika Zanzibar mwaka 1863 akiwa na miaka 12. Aliajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, na baadaye maduka yake yakaifuata reli mpaka Uganda. Leo shule yenye jina lake iko Mombasa, na ni haki yake. Lakini kwa kila Allidina walikuwapo vijana wengi waliolala nyuma ya kaunta katika kibanda cha mabati, porini, wakiuza chumvi, shanga na merikani, wakiugua homa bila wa kuwakanda. Barua kutoka kwa mama ilichukua miezi.

Wazee hupenda kusema kwamba shida ndizo zilizowakomaza. Hilo si kweli, na linawadhulumu waliowasaidia. Kijana wa duka alipona kwa sababu mwenye duka kubwa la mjini alimkopesha mali, na kwa sababu majirani Waafrika walimuuzia maziwa, wakamfundisha lugha, wakamwonyesha njia. Shida peke yake iliwazika wengi.

Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972, watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70, na ndiye wa mwisho aliyesikia habari za duka la porini kutoka kinywani mwa babu. Wajukuu wa Neasden wamketishe sasa hivi na kurekodi sauti yake, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili chake. Wasimuulize faida tu. Wamuulize babu alilia lini, nani alimpikia siku ya kwanza, na jirani yule aliitwa nani. Nakala zipelekwe pia Mombasa na Kampala, ambako huenda wajukuu wa jirani huyo bado wapo.