Meli zilizozama Tanganyika na Kivu: wazamiaji wa Kongo wako wapi?

KALEMIE – Kila mara mtu anaposema kwamba meli za zamani zilizozama katika Ziwa Tanganyika zitafutwe na kulindwa, jibu linakuja haraka: watu wanalala chini ya mahema, na ninyi munataka kutafuta vyuma vya Wazungu? Jibu hilo linapigiwa makofi. Lakini ni jibu baya, na wanaoumizwa nalo ni walewale wanaolala chini ya mahema.

Wakaaji wengi wa Kalemie, Moba na Uvira wanaijua Liemba. Wazee wao walirudi nayo nyumbani mwaka 1997, wakati shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilipoitumia kuwavusha watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma kuja Kongo. Meli hiyo ilikuwa mabaki chini ya maji. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, na Julai 1916 waliizamisha wenyewe wasiiache mikononi mwa adui, lakini kwanza mafundi waliipaka mashine zake mafuta mazito. Wabeleji waliiinua, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya. Basi wanaosema vyuma vya chini ya ziwa havina faida kwa mkimbizi, waende kuwauliza hao waliorudi 1997.

Liemba ilipata bahati. Nyingine hazikupata. Tarehe 22 Agosti 1914 Wajerumani walishambulia meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, kwenye pwani hii ya Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 meli yao Kingani ilikamatwa mbele ya Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilipigwa ikazama, na watu wakafa ndani yake. Iko chini mpaka leo.

Vitabu vya Ulaya vinasimulia vita hivyo kama kichekesho: afisa Mwingereza Spicer-Simson, na maboti mawili madogo, Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa yanafaa paka na mbwa. Msomaji anacheka, anafunga kitabu. Lakini maboti hayo hayakuruka angani. Yalitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, na kutoka hapo yalikokotwa kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, Agosti na Septemba 1915. Kulikuwa mashine za mvuke, kulikuwa ng'ombe, na palipowashinda hao, kulikuwa Wakongo na kamba. Wao walikata miti, walijenga madaraja, walivuta. Halafu Bukama, mto Lualaba, Kabalo, na treni tena mpaka ziwani. Jina la afisa linajulikana London. Waliovuta kamba wanaitwa tu "wenyeji". Nani ataandika majina yao, kama wajukuu wao kule Fungurume na Bukama hawaulizwi?

Kutafuta mabaki ya meli maana yake si kuchimba hazina. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na mzamiaji wa kawaida mwenye mtungi wa hewa hapaswi kupita mita 40 hivi, maana chini zaidi hewa yenyewe inaanza kumlewesha. Kwa hiyo kazi inaanza juu ya maji: boti linapita polepole na sonari, mashine inayotuma sauti chini na kuchora kile sauti inachogonga. Baadaye mzamiaji anashuka, anapima, anapiga picha, anarudi mikono mitupu. Maji ya ziwa hayana chumvi, wala yule mdudu wa baharini anayekula mbao, hivyo meli inaweza kudumu huko miaka mingi kuliko baharini. Ukiitoa hovyo inaoza juani, na mwisho wake ni kwa wauza vyuma chakavu.

Sasa wenye kupiga makofi wasikilize. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, lililotoka Minova limejaa kupita kiasi, lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiona kwa macho. Wengi walipanda kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Familia zilisimama ufukweni zikidai boti litolewe na maiti zao zipatikane. Walichohitaji siku zile ndicho kilekile kinachoitwa anasa: sonari, mitungi, na vijana waliofunzwa kuingia ndani ya meli iliyolala. Kilio bila maiti, mama anayekaa nacho anajua uzito wake.

Na ujuzi huo haununuliwi siku ya ajali. Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, watu walikuwa bado hai ndani, wanagonga chuma. Ikatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, meli ikazama nao. Wazamiaji waliitwa kutoka Afrika Kusini.

Kongo iliridhia mwaka 2010 mkataba wa UNESCO wa 2001 juu ya urithi wa chini ya maji. Mkataba unalinda kilichokaa majini miaka 100, unakataza biashara ya mabaki, unataka maiti ziheshimiwe. Uliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini kifungu cha 28 kinaruhusu nchi itangaze kwamba kanuni zake zitafuatwa pia katika maziwa na mito. Tamko hilo halihitaji petroli. Linahitaji barua na sahihi. Wabunge wa Tanganyika na wa Kivu mbili waulizwe mbele ya watu wameliombea lini.

Halafu waulizwe la pili. Kalemie ina wavuvi vijana wanaolijua ziwa usiku na mchana, na wengi kati yao ni wakimbizi wa ndani wasio na kazi. Kumi wafunzwe, wapewe mashine ya kujaza hewa na sonari moja. Waanze na Hedwig, kwa kuwa ile haina haraka, na makosa ya mwanafunzi hayamuui mtu aliyefungiwa ndani. Siku boti lingine litakapozama mbele ya Moba, watakuwa tayari wanajua kushuka.