Karma, Mshikaji, Ni Kazi!

Juzi kijiweni kwetu Ng'ambo, Tabora, mshikaji aliyezoea kutosa mademu naye kaachwa kwenye mataa. Wote tukapiga kelele: "Karma hiyo!" Aisee, neno lenyewe tumeligeuza bakora ya mbinguni. Kumbe kwa Kisanskriti karma ni tendo, kazi tu. Na karmakara? Ni kibarua, mtu anayefanya kazi kwa ujira.

Hapo nikanywea. Wiki iliyopita mzee wa mkokoteni kanibebea kitanda na kabati toka stesheni, nami nikamwambia, "Njoo kesho, mzee wangu." Kesho yenyewe ndiyo hiyo haijafika! Na hapa ndipo Unyamwezini, jamani. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi walitembea na pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, na wakipunjwa posho walikuwa wanatua mizigo chini, safari inalala hapo hapo. Huyu wangu hata hakugoma, masikini.

Jioni nikamfuata nyumbani kwake. Akazihesabu noti mara mbili, akanitazama:

"Hii ya kitanda, mwanangu. Ya kabati je?"