Sabaki inahitaji daftari kabla ya kilio

Ukivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi kwenda Mambrui msimu wa mvua, huhitaji kuwa mwanasayansi kuona rangi ya maji. Ni mekundu kwa udongo uliotoka mbali. Mto huu huanza kama Athi kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, hukutana na Tsavo ukawa Galana, na ukifika kwetu tunauita Sabaki. Njiani umebeba mchanga wa mashamba na maji machafu ya jiji.

Udongo huo umebadilisha pwani yetu. Ufuo wa Malindi umepanuka, na baadhi ya majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa kusini kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968, ambako matumbawe yanataka maji maangavu. Lakini udongo huohuo ndio unaolisha mikoko kwenye mlango wa mto, mahali ambapo kamba na samaki wadogo hukulia na ndege wahamao hutua. Kwa hivyo tope likizidi ni balaa, na likipungua sana pia ni balaa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Bwawa la Thwake limekuwa likijengwa huko Makueni, juu ya mto huu, tangu 2018. Bwawa hunasa mchanga na kubadilisha nyakati za mafuriko. Silipingi, maana watu wa bara nao wana kiu. Ila nauliza: litakapofanya kazi kikamilifu na mambo yakageuka huku chini, tutathibitisha vipi? Mvuvi akilalamika kwamba kamba wamepungua, ataulizwa wamepungua kutoka wangapi. Asiye na hesabu ya jana hana kesi leo.

Si kwamba Sabaki haijachunguzwa. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa 1979, pamoja na vyuo vikuu, wamefanya kazi nyingi hapa. Tatizo ni kwamba utafiti wa mradi huisha na mradi. Pesa zikikatika, vipimo navyo hukoma. Picha moja ya mtoto haikuonyeshi anavyokua.

Mpango wa maana hauanzi na vifaa, huanza na maswali. Mchanga kiasi gani unafika baharini? Maji ya chumvi hupanda mtoni umbali gani wakati wa kiangazi? Mikoko inaongezeka au inakatwa? Wavuvi wanaleta nini ufuoni, na kwa uzito gani? Kisha kila swali lipewe mahali pa kupimia, wakati wake na mtu wa kuwajibika. Maji yapimwe kila mwezi, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kwa sababu kipimo cha msimu mmoja ni nusu ya ukweli. Mikoko ifuatiliwe kwa picha za setilaiti, ambazo nyingine hupatikana bure. Vikundi vya BMU, ambavyo viko ufuoni kila siku, vipewe mizani, mafunzo na malipo ya kazi hiyo.

Tena viwekwe viwango mapema: chumvi au tope likipita hapa, nani anapigiwa simu na nani anafungulia maji? Bila hilo tutakuwa tunaandika historia ya msiba wetu wenyewe. Kaunti ya Kilifi itenge fungu la kudumu kwenye bajeti, na wasimamizi wa maji huko juu watoe takwimu zao kwa walio chini.

La mwisho ni matokeo. Wavuvi wamechoka kuhojiwa na watu wasiorudi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi matokeo yabandikwe kwenye banda la BMU, kwa Kiswahili, kila msimu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sabaki ni mali yetu. Tuifungulie daftari sasa, kabla mto haujabadilika tukabaki na maneno matupu.