Breki kwanza, injini baadaye

Ndugu mwandishi, umeisifia sana injini ya LS3 iliyofungwa kwenye Chevrolet Camaro ya 1969, na inastahili sifa: lita 6.2, bloku ya alumini, nguvu farasi 430 tangu ilipoingia kwenye Corvette ya 2008. Tena hizo ni farasi za kweli. Kabla ya 1972 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa kwenye stendi, bila ekzosi yake ya barabarani, ndiyo maana 300 za zamani hazilingani na 300 za leo.

Lakini breki umezipitia juu juu mno, na hapo ndipo penye uhai wa mtu. Camaro nyingi za mwaka ule zilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Diski za mbele mnunuzi alizilipia zaidi. Shuka mteremko mrefu na breki za ngoma uone: zinapata moto, mshiko unapotea, unakanyaga kwa nguvu zote na gari bado linakwenda. Halafu mtu anaongeza injini mpya kwanza! Hapana jamani. Diski, shokapu na springi zitangulie.

Na kama gari ni Camaro ya toleo la Z/28 ambayo bado ina injini yake ya kiwandani, nawasihi mafundi wasiikate bodi. Injini ile ishushwe, ipakwe mafuta, ihifadhiwe pakavu. Vifaa vipya vifungwe kwa bolti kwenye matundu yaleyale ya zamani, ili atakayelirithi gari aweze kulirudisha lilivyokuwa.